Nyambizi Iliyotoka Mafichoni: Jinsi Marekani na Korea Kusini Zinavyolindana Dhidi ya Jirani Mwenye Nyuklia

Tarehe 18 Julai 2023, nyambizi ya Marekani iitwayo USS Kentucky ilitia nanga katika bandari ya Busan, kusini mwa rasi ya Korea. Chombo hicho kina urefu wa mita 170 hivi, na kinaweza kubeba makombora 20 ya Trident ambayo kila moja huweza kupakiwa vichwa kadhaa vya nyuklia. Thamani yake yote iko katika kutojulikana kilipo: huzama kwa wiki nyingi, hukaa kimya, na adui hubaki akikisia kombora litatokea upande gani wa bahari. Kukileta juu mchana kweupe, kukifunga gatini na kuwaita wapiga picha ni sawa na mwindaji kutoka kichakani ili mnyama amwone vizuri. Tangu mwaka 1981 hakuna nyambizi ya aina hiyo iliyokuwa imefika Korea Kusini. Kesho yake Rais Yoon Suk-yeol wa Korea Kusini alipanda ndani yake kuikagua, na alfajiri ya siku hiyohiyo Korea Kaskazini ilikuwa imerusha baharini makombora mawili ya masafa mafupi, yakaruka takriban kilomita 550, umbali ambao ukiupima kwenye ramani kutoka karibu na Pyongyang unakufikisha Busan.

Kwa nini silaha ya siri itolewe hadharani? Jibu la haraka ni kwamba Marekani ilitaka kumtisha Kim Jong Un, na jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu tu. Kim hakuhitaji kuonyeshwa nyambizi ili ajue kwamba Marekani inayo. Aliyehitaji kuiona kwa macho ni mwenyeji, yaani Korea Kusini, ambayo ilikuwa imeanza kuuliza kwa sauti swali lililozoea kunong'onwa: siku Pyongyang itakapoweza kuichoma San Francisco, je, Washington itakubali kuihatarisha San Francisco kwa ajili ya Seoul? Muungano wa kijeshi wa nchi hizi mbili huelezwa kwa kawaida kama ngao ya pamoja dhidi ya adui mmoja, na ndivyo ulivyo. Lakini anayeufuatilia tangu mwanzo wake ataona kwamba ngao hiyo ina kamba iliyofungwa kwenye mkono wa mshirika mdogo. Kila mara Seoul ilipopewa kinga zaidi, ilikabidhi sehemu ya uhuru wake wa kuamua peke yake, na hali haikubadilika sana hata baada ya nchi hiyo kutajirika.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1953. Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950, majeshi ya Kaskazini yalipovuka mpaka, na wiki chache baadaye Rais Syngman Rhee, ambaye jeshi lake lilikuwa limesambaratika na mji mkuu wake umetekwa, aliandika barua ya kumkabidhi jenerali wa Kimarekani, Douglas MacArthur, uongozi wa vikosi vyote vya Korea Kusini. Miaka mitatu baadaye Wamarekani walichoka na wakataka kusitisha mapigano, ilhali Rhee aliapa kwamba hatakubali rasi ibaki imegawanyika. Mwezi Juni 1953, mazungumzo yalipokaribia kukamilika, aliamuru milango ya kambi za wafungwa wa kivita ifunguliwe, na wafungwa wapatao 27,000 wa Kaskazini waliokataa kurudi kwao wakatokomea mitaani. Alikusudia kuyavuruga mazungumzo, na nusura afanikiwe. Wamarekani walikuwa wamekwishaandaa hata mpango wa kumwondoa madarakani.

Badala ya kumwondoa, walimpa mkataba. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini katika kijiji cha mpakani cha Panmunjom tarehe 27 Julai 1953 na Kamandi ya Umoja wa Mataifa, yaani majeshi ya nchi zilizoisaidia Kusini chini ya uongozi wa Marekani, kwa upande mmoja, na Kaskazini pamoja na Wachina kwa upande wa pili. Sahihi ya Korea Kusini haipo kwenye hati hiyo hadi leo, na mkataba wa amani haujawahi kufuata, kwa hiyo kisheria vita vile vimesimama tu, havijaisha. Rhee alikubali kutoyazuia makubaliano hayo kwa sharti kwamba Marekani ijifunge kuilinda nchi yake, na tarehe 1 Oktoba 1953 Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja ukatiwa saini mjini Washington.

Mkataba wenyewe ni mfupi mno, vifungu sita tu, na mtu anaweza kuusoma akamaliza kabla chai haijapoa. Kifungu cha tatu, ambacho ndicho uti wa mgongo wake, kinasema kwamba kila upande utachukua hatua kukabili hatari ya pamoja kwa mujibu wa taratibu zake za kikatiba. Msomaji makini ataona kwamba hapo hapajasemwa Marekani itaingia vitani papo hapo; kimeachwa kidirisha ambacho rais na Bunge la Marekani wanaweza kukipitia wakajadiliana. Kifungu cha mwisho kinairuhusu nchi yoyote kujitoa baada ya kutoa taarifa ya mwaka mmoja. Tena Seneti ya Marekani, ilipouridhia, iliambatisha tamko kwamba wajibu wa kusaidia utakuwepo pale tu mshirika atakaposhambuliwa kutoka nje. Kwa maneno mengine, kama Rhee angeamua kwenda Kaskazini kwa matakwa yake, angekwenda peke yake. Kisha hati nyingine ya Novemba 1954 ikayaacha majeshi ya Korea Kusini chini ya uongozi wa kioperesheni wa kamandi iliyokuwa mikononi mwa jenerali wa Kimarekani. Ngao na kamba vilitolewa katika kifurushi kimoja.

Kwa kuwa maandishi yenyewe hayana nguvu ya kutosha kumtuliza mtu mwenye hofu, ahadi iliwekewa dhamana ya watu. Askari wa Marekani walibaki Korea Kusini, na leo idadi yao ni takriban 28,500. Kwa miongo mingi sehemu yao kubwa ilikaa kaskazini mwa Seoul, kwenye njia ambazo vifaru vya adui vingepita, na kazi yao ya kwanza, ingawa hakuna aliyependa kuisema hivyo, ilikuwa kuwepo pale ili wafe mapema. Hawakuwa wengi kiasi cha kulisimamisha jeshi zima la Kaskazini, lakini hakuna rais wa Marekani ambaye angeweza kukaa kimya baada ya mamia ya vijana wake kuuawa katika saa za kwanza, na Pyongyang ililijua hilo. Sasa wengi wao wamehamishiwa Camp Humphreys, katika mji wa Pyeongtaek kusini mwa Seoul, kambi kubwa kuliko zote za Marekani nje ya nchi yake. Gharama ya kuijenga ilikuwa karibu dola bilioni 10.8, na takriban asilimia 90 ya fedha hizo zilitoka Korea Kusini.

Suala la nani anashika amri ndilo ambalo watu wa nje hulielewa kwa shida zaidi, na mfano bora wa kulieleza ni mti. Katika eneo la pamoja la Panmunjom, ndani ya ukanda usio wa kijeshi wenye upana wa kilomita nne unaoikata rasi kwa umbali wa kilomita 250 hivi, kulikuwa na mti mkubwa wa mpopla ambao majani yake yalikizibia kituo kimoja cha ulinzi cha Kamandi ya Umoja wa Mataifa kisionane na kingine. Tarehe 18 Agosti 1976 kikundi cha wafanyakazi kilikwenda kuupogoa kikiwa na ulinzi wa askari wachache. Wanajeshi wa Kaskazini walifika, wakaamuru kazi isimame, na ilipoendelea wakawashambulia kwa mashoka yaleyale ya kupogolea. Maofisa wawili wa Kimarekani, Arthur Bonifas na Mark Barrett, waliuawa.

Hatua ya kujibu ilijadiliwa Washington, katika Ikulu ya Rais Gerald Ford, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka kwenye mti wenyewe. Asubuhi ya tarehe 21 Agosti mafundi wa jeshi waliingia na misumeno ya moto, wakilindwa na kikosi maalumu cha Korea Kusini. Helikopta zilizunguka nyuma yao, ndege za B-52 zilipita angani, na manowari ya kubeba ndege, USS Midway, ilikuwa imesogezwa karibu. Mti ulikatwa kwa muda usiotimia saa moja. Wanajeshi wa Kaskazini walijipanga wakatazama bila kufyatua risasi, na baadaye Kim Il Sung, kiongozi wa Kaskazini wakati huo, akatuma ujumbe wa kueleza masikitiko. Kisiki kiliachwa makusudi. Watu wengi hukikumbuka kisa hiki kama ushujaa au kama kichekesho, yaani ndege za kubeba mabomu ya nyuklia kusindikiza msumeno. Mimi naona kinafundisha jambo jingine: mti wa Korea ulikatwa katika ardhi ya Korea baada ya uamuzi wa Mmarekani, na jeshi la mwenyeji lilikuwa msaidizi.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1978, mpangilio huo ulirekebishwa kwa kuundwa Kamandi ya Majeshi ya Pamoja. Kamanda wake ni jenerali wa Marekani wa nyota nne, naibu wake ni jenerali wa Korea Kusini wa nyota nne, na ofisi zote zimegawanywa hivi kwamba palipo na Mmarekani pana na Mkorea. Kamanda huyohuyo huongoza pia Kamandi ya Umoja wa Mataifa inayosimamia usitishaji wa mapigano, na vilevile vikosi vya Marekani vilivyoko nchini, kwa hiyo mtu mmoja huvaa kofia tatu. Mwaka 1994 Korea Kusini ilirudishiwa uongozi wa majeshi yake wakati wa amani. Uongozi wakati wa vita ulibaki palepale.

Hapo ndipo ilipoanza safari ambayo mpaka sasa haijafika mwisho. Serikali ya Rais Roh Moo-hyun, iliyoona ni aibu kwa nchi yenye uchumi mkubwa namna hiyo kutoongoza jeshi lake yenyewe vitani, ilikubaliana na Marekani mwaka 2007 kwamba makabidhiano yafanyike tarehe 17 Aprili 2012. Mwezi Machi 2010 meli ya kivita Cheonan ilipasuka na kuzama karibu na mpaka wa baharini, mabaharia 46 wakafa, na uchunguzi ulioongozwa na Korea Kusini ukasema ilipigwa na topido ya Kaskazini. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba 2015. Mwaka 2014 tarehe ikafutwa kabisa, yakawekwa masharti: Korea Kusini iwe na uwezo wa kuongoza ulinzi wa pamoja, iweze kukabili makombora na nyuklia za Kaskazini katika hatua za mwanzo, na mazingira ya usalama katika eneo yawe ya kuridhisha. Sharti la mwisho lina mzaha ndani yake, maana mazingira yakiwa ya kuridhisha hapatakuwa na haja kubwa ya kamandi, na kila Kaskazini inapozidisha silaha, siku ya kukabidhiana husogea mbele. Serikali ya Rais Lee Jae-myung, aliyechaguliwa Juni 2025, imetangaza nia ya kulikamilisha jambo hili ndani ya kipindi chake, na wahafidhina wa Seoul wanahofu kwamba Mmarekani akiacha usukani ataacha na gari.

Sasa turudi kwenye nyuklia, ambako biashara ileile ilifanyika tena. Kuanzia mwaka 1958 Marekani iliweka silaha za nyuklia ndani ya Korea Kusini, mizinga na makombora ya masafa mafupi ya kutumika katika uwanja wa vita. Lakini mwaka 1971 Rais Nixon aliondoa divisheni nzima ya askari wa miguu, karibu watu 20,000, bila kujali sana malalamiko ya Rais Park Chung-hee. Park alikuwa ametuma maelfu ya wanajeshi kuwasaidia Wamarekani Vietnam, na akaona kwamba mwenye kuahidi anaweza kubadilisha nia. Akaanzisha kwa siri mradi wa kutengeneza bomu na kuzungumza na Ufaransa kuhusu ununuzi wa kiwanda cha kuchakata mafuta ya nyuklia yaliyokwisha tumika, ambacho kingempatia plutoniamu. Washington ilipogundua, haikupiga kelele hadharani. Ilimwambia kwamba akiendelea atapoteza muungano wenyewe. Korea Kusini iliridhia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1975, na mpango wa kiwanda cha Wafaransa ukafa mwaka uliofuata. Adui hakuguswa katika mkasa huo. Aliyezuiwa alikuwa mshirika.

Mwaka 1991, Vita Baridi vilipokuwa vinakwisha, Marekani iliondoa silaha zake zote za nyuklia kutoka Korea Kusini. Kilichobaki ni ile inayoitwa mwavuli wa nyuklia, yaani ahadi kwamba shambulio la nyuklia dhidi ya Seoul litajibiwa kwa silaha zilizoko kwingine: ndani ya nyambizi, kwenye mahandaki ya Marekani bara, na tumboni mwa ndege zinazoruka kutoka mbali. Ahadi hiyo haikuwa na gharama kubwa mradi Kaskazini haikuwa na bomu, na hata baada ya kuwa nalo mradi haikuwa na kombora la kulifikisha Marekani. Pyongyang ilijitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo mwaka 2003 na kufanya jaribio la kwanza la nyuklia tarehe 9 Oktoba 2006. Ilifanya mengine mwaka 2009, 2013, mawili mwaka 2016, na la sita, lililokuwa kubwa kuliko yote, Septemba 2017. Mwaka huohuo ilirusha kwa mara ya kwanza makombora ya kuvuka mabara, na mwaka 2023 ikajaribu Hwasong-18, linalotumia mafuta yabisi na kwa hiyo halihitaji kujazwa mafuta kwa muda mrefu mbele ya macho ya setilaiti. Septemba 2022 ilitunga sheria inayoruhusu kutumia nyuklia kabla ya kushambuliwa, ikiwa uongozi wake utaonekana kuwa hatarini.

Mambo haya yaliugeuza msingi wa hesabu. Zamani Marekani iliahidi kumwadhibu mtu asiyeweza kuigusa. Sasa inaahidi kumwadhibu mtu anayeweza kuichoma miji yake. Swali hili si geni. Mwaka 1961 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alimuuliza Rais Kennedy wa Marekani kama kweli angekuwa tayari kuitoa New York kwa ajili ya Paris, na Ufaransa, isiporidhika na jibu, ikaendelea na bomu lake. Ahadi ni deni, wasemavyo wahenga, lakini deni hili lina tabia ya pekee: mdai atajua kama litalipwa siku ambayo pengine hatakuwa hai kulidai. Uchunguzi wa maoni uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 71 ya Wakorea Kusini walitaka nchi yao iwe na silaha zake za nyuklia, na Januari 2023 Rais Yoon mwenyewe alisema hadharani kwamba hali ikizidi kuwa mbaya nchi yake inaweza kuzitengeneza. Washington ilisikia mwangwi wa Park Chung-hee.

Majibu yake yalikuwa Azimio la Washington la tarehe 26 Aprili 2023, lililotolewa na Biden na Yoon. Ukiondoa maneno ya heshima, lina pande mbili. Korea Kusini ilithibitisha tena kwamba itaheshimu mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, yaani haitatengeneza bomu. Marekani, kwa upande wake, iliahidi kuleta mara kwa mara vyombo vyake vya kimkakati vionekane, ikiwa ni pamoja na nyambizi, na ikaunda Kundi la Mashauriano ya Nyuklia ambamo maofisa wa nchi mbili watapanga pamoja nini kifanyike Kaskazini ikitumia silaha hizo. Kikao cha kwanza cha kundi hilo kilifanyika Seoul tarehe 18 Julai 2023. Hiyo ndiyo siku USS Kentucky ilipofunga kamba Busan. Nyambizi ilikuwa risiti ya malipo.

Kundi hili lina uzito gani? Wapo waliolitangaza kama mlingano na NATO, na hao wametia chumvi. Katika NATO, kikundi cha kupanga masuala ya nyuklia kipo tangu miaka ya 1960, mabomu ya Marekani yamehifadhiwa katika nchi kadhaa za Ulaya, na marubani wa nchi hizo hufunzwa kuyabeba. Korea Kusini haina bomu hata moja ardhini mwake, na uamuzi wa kubonyeza kitufe unabaki kwa rais wa Marekani peke yake, hakuna mashauriano yanayoweza kumfunga mkono wala kuusukuma. Lakini wanaolidharau nao wamekosea. Kabla yake, ofisa wa Korea Kusini hakuwa na nafasi ya kukaa mezani na kuuliza: mkituma ndege zenu, ndege zetu zitakuwa wapi, nani atazima rada za adui, nani atawahamisha raia wetu? Mwongozo uliotiwa saini Julai 2024 unaunganisha silaha za kawaida za Korea na mipango ya nyuklia ya Marekani, na Oktoba mwaka huo Korea Kusini ilianzisha Kamandi yake ya Kimkakati ili iwe na chombo kimoja cha kuzungumza na wenzao. Kwa maoni yangu, thamani ya kundi hili iko katika mazoea ya kupanga pamoja, maana maofisa waliokwisha gombana mezani juu ya ramani ileile hawatapoteza saa za kwanza za vita wakiulizana maswali ya msingi.

Na saa hizo za kwanza ni za hatari kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Kitovu cha Seoul kiko kilomita 50 hivi kutoka mpakani, na jiji pamoja na vitongoji vyake lina karibu nusu ya watu wote wa nchi, ambao ni takriban milioni 52. Kaskazini haihitaji nyuklia kuliumiza jiji hilo. Ina mizinga na maroketi mengi yaliyofichwa katika mapango ya milima iliyo jirani na mpaka. Ndiyo maana Seoul imejenga silaha zake za kawaida kwa kasi: mfumo wa kulipiga kombora la adui kabla halijaruka, mfumo wa kulitungua likiwa angani, na mpango wa kuuangamiza uongozi wa Pyongyang endapo utashambulia, kwa makombora ya Hyunmoo ambayo toleo lake la tano lilionyeshwa kwenye gwaride la Oktoba 2024. Hata hapo kamba ilikuwepo. Tangu mwaka 1979 Marekani ilikuwa imeiwekea Korea Kusini kikomo cha umbali wa makombora yake, kwanza kilomita 180, kisha kikaongezwa kidogokidogo, hadi kilipoondolewa kabisa Mei 2021.

Kinga huleta pia hasara kutoka kwa majirani wengine. Mwaka 2017 Marekani iliweka mtambo wa THAAD wa kutungua makombora huko Seongju, katika uwanja wa gofu uliotolewa na kampuni ya Lotte. China, iliyosema kwamba rada ya mtambo huo inachungulia ndani ya ardhi yake, ilizuia makundi ya watalii wake kwenda Korea Kusini, na maduka mengi ya Lotte nchini China yakafungwa. Jambo la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha hapa, ni kwamba kutoka Seongju mtambo huo haulifikii jiji la Seoul kulikinga; Seoul hutegemea mifumo mingine, ikiwemo Patriot.

Kuhusu fedha maelezo yanaweza kuwa mafupi. Tangu mwaka 1991 Korea Kusini huchangia gharama za kuwaweka askari wa Marekani kwa makubaliano yanayojadiliwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2019 Rais Trump alitaka mchango huo ufike dola bilioni 5 kwa mwaka, ambazo zilikuwa karibu mara tano ya kiasi cha wakati huo, na mazungumzo yakakwama hadi alipoondoka madarakani. Makubaliano ya Oktoba 2024 yaliuweka mchango wa mwaka 2026 kuwa won trilioni 1.52, zaidi kidogo ya dola bilioni moja. Kilichowauma Wakorea mwaka 2019 hakikuwa kiasi peke yake, kwa kuwa uwezo wa kulipa wanao. Kiliwauma kusikia dhamana ya uhai wao ikitajwa kama kodi ya pango.

Mazoezi ya pamoja nayo hubeba ujumbe zaidi ya mafunzo. Kila Machi hufanyika Freedom Shield na kila Agosti Ulchi Freedom Shield, na kila mara Pyongyang huyaita maandalizi ya uvamizi. Tarehe 12 Juni 2018, baada ya kukutana na Kim mjini Singapore, Trump alitangaza kuyasimamisha akitumia maneno yanayofanana na ya Kaskazini, na Seoul ilipata habari pamoja na waandishi. Kwa siku chache wataalamu wa pande zote mbili walikuwa wakiulizana ni mazoezi yapi hasa yaliyofutwa.

Kwa upande wa pili wa mpaka, Kaskazini haikubaki mpweke kama ilivyotarajiwa. Kwa muda Seoul ilihangaika kuwapunguza marafiki wa Pyongyang mmoja mmoja, hata huku kwetu: Mei 2016 Rais Park Geun-hye alipozuru Kampala, Uganda, ambayo polisi wake walikuwa wakifunzwa na Wakorea Kaskazini, ilikubali kuukatisha ushirikiano huo wa kijeshi na kiusalama. Lakini Juni 2024 Putin na Kim walitia saini Pyongyang mkataba wenye kifungu cha kusaidiana kijeshi mmoja wao akivamiwa, na kabla ya mwaka kwisha wanajeshi wa Kaskazini walikuwa wanapigana upande wa Urusi katika mkoa wa Kursk. Wapangaji wa Seoul sasa wanapaswa kumhesabu adui mwenye askari walioonja vita vya droni na mwenye rafiki mkubwa anayedaiwa fadhila.

Katika mazingira hayo ndipo Rais Lee, alipokutana na Trump mjini Gyeongju tarehe 29 Oktoba 2025, aliomba hadharani ruhusa ya kupatiwa mafuta ya kuendeshea nyambizi za nguvu za nyuklia, na Trump akatangaza kuwa amekubali. Nyambizi za dizeli ambazo Korea Kusini inazo hulazimika kupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, hivyo haziwezi kuziwinda za Kaskazini kwa muda mrefu. Trump alisema ya kwanza ingejengwa Philadelphia, katika karakana ya meli iliyonunuliwa na kampuni ya Kikorea ya Hanwha, ilhali Seoul inataka ijengwe nyumbani, na ubishi huo utachukua miaka. Lee alieleza mwenyewe kwamba nyambizi hizo hazitabeba silaha za nyuklia. Zitakuwa na injini ya aina ileile iliyoileta USS Kentucky Busan, bila makombora yake ya Trident, na urani ya kuziendesha Seoul imeiomba Washington.